Mama, kumwachia Mungu si kuacha kuomba

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo! Shikamoo.

Huku ni mzima, kazi inaendelea, afya haina neno. Nimeona nikuandikie kwa sababu haya hayasemeki vizuri kwenye simu, na isitoshe Baba huwa yuko karibu anasikiliza. Barua utaisoma kwa nafasi yako.

Siku ile uliponieleza majibu ya daktari kuhusu uvimbe wa Baba ulimalizia kwa kusema, "Mimi nimeshamwachia Mungu. Siombi tena apone, nisije nikaonekana nabishana na mapenzi yake." Niliitikia "Amina" kwa mazoea, lakini maneno yale yamenikaa. Hilo la kumwachia Mungu nalipokea kwa mikono miwili. Hilo la kuacha kuomba, Mama, kwa heshima zote, silikubali.

Mtazame Yesu kule Gethsemane. Alijua saa yake imefika; alikwisha kuwaambia wanafunzi wake kwamba atauawa. Hata hivyo aliomba. Marko ameandika: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Ombi limetangulia, limesemwa waziwazi. Kukubali kumefuata. Mathayo anasema alirudia mara tatu, maneno yale yale. Kama kuomba kuepushwa na mateso ni kubishana na Baba, basi Mwana wake ndiye aliyetufundisha ubishi huo. Luka naye ana jambo ambalo huwa tunalipita haraka tunaposali tendo la kwanza la uchungu katika Rozari: malaika alimtokea akamtia nguvu, na baada ya hapo akazidi kuomba kwa bidii, hata jasho likawa kama matone ya damu. Yaani alitiwa nguvu ili aendelee kusali.

Paulo vilevile. Aliomba mara tatu aondolewe ule mwiba wa mwilini, na hakuacha kwa sababu aliona haya. Aliacha kwa sababu alijibiwa: "Neema yangu yakutosha." Wewe bado hujajibiwa hivyo. Umejibiwa na daktari tu.

Naona tunaogopa kuomba jambo kubwa kwa kuwa tunaogopa kunyimwa. Basi tunakimbilia "utakalo lifanyike" kabla hatujamwambia Mungu tunachotaka sisi. Lakini yeye anajua kwamba unataka mumeo apone. Ukimficha, unamficha nini? Mwambie, ulie ukitaka, kisha ndipo useme "utakalo lifanyike". Hapo utakuwa unamkabidhi kitu ulichokishika kweli mkononi.

Halafu yule aliyekuja kusali nanyi akasema ugonjwa huu ni adhabu, na ndiyo maana tuukubali kama mapenzi ya Mungu. Mama, hayo usiyapokee. Nilipoyasikia nilikasirika, na sijui kama hasira imekwisha hata sasa. Wanafunzi walimwuliza Yesu habari za yule mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akawajibu si yeye wala wazazi wake, kisha akamponya. Kanisa linafundisha kwamba Mungu si asili ya uovu. Anauruhusu, naye anajua kutoa mema hata humo. Kuhusu mapenzi ya Mungu, Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inapoeleza ombi la "utakalo lifanyike" katika Baba Yetu huanza na neno la Paulo kwa Timotheo: Mungu anataka watu wote waokolewe na kuijua kweli. Hapo ndipo pa kuanzia. Tukianzia kwenye uvimbe wa Baba, tutamwogopa Mungu badala ya kumwamini.

Kaka naye ana yake. Ananiambia, "Si mmemwachia Mungu? Basi hizi safari za hospitali za nini?" Najua amechoka, yeye ndiye anayembeba Baba kila siku, kwa hiyo usimgombeze kwa niaba yangu. Ila msomee kitabu cha Yoshua bin Sira katika Biblia yetu, sura ya 38. Pale imeandikwa tumheshimu mganga, yaani daktari, kwa maana Bwana ndiye aliyemwumba, na kwamba Bwana ameumba dawa kutoka ardhini, na mwenye akili hazidharau. Mgonjwa anaagizwa asali, na papo hapo anaagizwa ampe mganga nafasi yake. Sala na dawa zimewekwa katika sura moja. Anayeacha dawa akasema amejisalimisha kwa Mungu, mimi nadhani amejisalimisha kwa uchovu, na uchovu dawa yake ni kusaidiwa zamu.

Sasa nije kwenye lile unalolisema kila tunapozungumza, kwamba uliniombea nisiondoke nyumbani na Mungu hakukusikia. Katika watakatifu wote, anayekufaa hapa ni Monika. Mwanawe Agostino alitaka kuvuka bahari kwenda Roma. Monika hakutaka, akamfuata mpaka ufukweni huko Karthago. Agostino akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu, na usiku ule mama akiwa katika kikanisa cha ukumbusho wa Mtakatifu Sipriani, akisali na kulia, kijana akapanda merikebu akaenda zake. Asubuhi Monika alikuta bahari tupu. Agostino mwenyewe ndiye aliyesimulia haya baadaye, akamwambia Mungu kwamba alimnyima mama yake alichokiomba usiku ule ili ampe kile alichokuwa akikiomba siku zote. Kwa sababu kutoka Roma alifika Milano, akamsikiliza Askofu Ambrosi, na usiku wa Pasaka mwaka 387 akabatizwa.

Mimi si Agostino, na Mama asidhani nimekuja huku kuwa askofu. (Ila naye hakujua kwamba atakuwa.) Ninachokipenda kwa Monika ni kwamba kunyimwa hakukumnyamazisha. Alirudi nyumbani akaendelea kumwombea mwanawe, kisha akamfuata ng'ambo. Na mwaka huohuo wa ubatizo, akiwa bandarini Ostia karibu na Roma, wakingoja chombo cha kuwarudisha Afrika, akaugua. Miaka yote alikuwa ametaka azikwe kwao, kando ya mumewe, na kaburi alikwisha kuliandaa. Mwishoni akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote; alichowaomba ni wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, popote watakapokuwa. Mtu anayeishi mbali na kwao husoma maneno hayo kwa namna yake. Mimi nimeyasoma mara nyingi.

Uliniomba sala fupi ya kujikabidhi. Kuna ile ya Mtakatifu Charles de Foucauld, yule Mfaransa aliyeishi jangwani Algeria. Mtawa wa hapa parokiani kwetu ndiye aliyenipa, nami nitainakili kwenye karatasi nyingine. Lakini ujue ilikotoka kabla hujaisali, kwa kuwa ni sala nzito. Aliiandika mwaka 1896 akitafakari maneno ya Yesu msalabani, "Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu," naye aliyaweka maneno yale kinywani mwa Yesu. Alitamani sana apate ndugu wa kuishi naye, akawaandalia hata kanuni za maisha, na alipouawa tarehe 1 Desemba 1916 alikuwa hajapata hata mmoja wa kudumu naye. Ndugu Wadogo na Dada Wadogo wanaomfuata walikuja baada yake, na Papa Fransisko akamtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Kwa hiyo ukifika mahali anaposema yuko tayari kwa yote na anayapokea yote, kama moyo unagoma, simama hapo. Sali mpaka hapo tu, kesho uendelee.

Mimi nina sala iliyonigomea vilevile. Mtakatifu Inyasi wa Loyola anafundisha tuwe huru kiasi cha kutotaka afya kuliko ugonjwa, wala maisha marefu kuliko mafupi. Kwangu mwenyewe naweza kulijaribu. Kwa Baba siwezi, wala sijifanyi ninaweza. Ninachofanya ni hiki: kwenye Misa, padre anapotia tone la maji ndani ya divai, nataja jina la Baba moyoni, naliacha liende na lile tone. Na usiku kabla ya kulala nasali ile Sala ya Mwisho ya Kanisa, "Mikononi mwako, Ee Bwana." Mara nyingine napitiwa na usingizi katikati, na sioni kama Mungu ananidai sehemu iliyobaki.

Jambo kubwa lililonifanya nishike kalamu ni Mpako wa Wagonjwa. Umesema hutaki kumwita Padre kwa sababu Baba ataona kwamba tumeshamkatia tamaa. Naelewa, watu wengi waliuzoea kama mpako wa mwisho. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulisema tangu mwaka 1963 kwamba si sakramenti ya walio katika kukata roho tu. Mwamini anapoanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee, wakati wake umefika. Na ugonjwa ukizidi, anaweza kupakwa tena. Padre atamwekea mikono, atampaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani, na maneno yenyewe yanamwomba Bwana amsaidie kwa neema ya Roho Mtakatifu, amwokoe na kumwinua. Unaona, Mama? Kanisa lenyewe, likiwa limesimama kando ya kitanda cha mgonjwa, linaomba ainuliwe, na papo hapo linamweka mikononi mwa Mungu. Wewe unataka kuchagua moja.

Basi fanya hivi. Mweleze Baba kwanza, usimshtukize. Mwambie ni mimi niliyeomba. Chagueni siku ambayo amelala vizuri na akili imetulia, ili aitikie mwenyewe, na kama anataka kuungama muwaache peke yao na Padre. Akiweza kumeza apokee na Ekaristi. Kaka awepo, hata akinuna.

Kuhusu kuja kwangu, ruhusa nimeiomba na karatasi za ukaazi bado ziko kwa wahusika. Nasali zitoke mapema nimkute Baba, nasema hivyohivyo, kwa jina na kwa tarehe. Nawe niombee hivyohivyo. Jumapili nitapiga baada ya Misa. Ukishaongea na Padre nitumie ujumbe siku aliyoitaja, nibadilishane zamu na wenzangu, niwe nanyi kwenye simu akija.

Msalimie sana Baba, na Kaka, na wadogo zangu wote.

Ni mimi mwanao