Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Desemba 2025

Mama zetu waasisi mlioketi mbele, wanakamati wenzangu, wanachama wote: assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na hamjambo.

Namshukuru Mungu aliyetufikisha leo. Nawashukuru na nyinyi 31 mliofika, ingawa daftari lina majina 64 na pilau imepikwa ya watu 60. Atakayetaka kubeba aje na chombo chake, sufuria za kukodi zarudi saa kumi.

Shughuli za kawaida nazipitia mbio kwa kuwa mlikuwapo, au mlisimuliwa. Mzunguko wa kuchangiana umekwenda miezi yote 12 bila kukatika. Mikopo midogo ilitolewa 23, jumla shilingi 345,000, na iliyorudi yote ni 17. Tumezuru wazazi 9 waliojifungua, matanga 5, harusi 3. Leso za sare zimenunuliwa, na ni za buluu kwa sababu kikao kilipiga kura. Waliotaka kijani walishindwa, basi yaishe. Mafunzo ya sabuni ya maji yalifanyika Machi. Mengine Mweka Hazina atayasoma. Mimi naingia kwenye lile ambalo najua ndilo lililowaleta nusu yenu.

Shilingi 60,000 za mfuko wa maafa

Mwaka huu nimesemwa. Nimesemwa sokoni, nimesemwa kwenye matatu nikiwa nimeketi kiti cha nyuma. Maneno yenyewe ni kwamba Mwenyekiti amechukua pesa za sanda akanunulia watu vidonge vya kupanga uzazi. Naomba Katibu aandike: chama hakijanunua hata kidonge kimoja. Pesa zile zilimlipa wakili.

Ilianza Februari. Nilimsindikiza mwenzetu mmoja, jina silitaji, kwenye zahanati kuchoma sindano yake ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Ana watoto wanne, wa mwisho alipatikana kwa upasuaji, na kwenye kadi yake tarehe ya kurudi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu na kupigiwa mstari mara mbili. Muuguzi akavuta droo. Nilikuwa nimesimama karibu, niliona kwa macho yangu. Mabomba ya sindano yapo pakiti nzima, pamba ipo, spiriti ipo. Boksi la dawa lilikuwa limekunjuliwa, limelazwa bapa, linaandikiwa namba za simu. Akaambiwa ajaribu duka la dawa. Tulitoka pale yeye akihesabu siku kwa vidole.

Wiki ileile, kwenye kituo kingine, mwenzetu wa pili alitaka kuwekwa kijiti cha kuzuia mimba akaambiwa alete barua ya mume. Mumewe yuko Qatar mwaka wa pili. Na sitaki kuona watu wakikonyezana hapo nyuma. Mwenye mume ajua mumewe alipanga kurudi lini, na hakutaka kushika mimba mara akirudi, kabla hawajamaliza kumwaga zege la nyumba.

Mambo hayo niliyaleta kwenye kikao cha Machi. Binti mmoja kati yenu, msomi, akasema, "Mama Mwenyekiti, hiyo si hisani, ni haki, iko kwenye Katiba." Nikamwambia basi kama ni haki tuidai kama tunavyodai mikopo.

Nitayasoma niliyojifunza, maana nimeyalipia kwa jina langu. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachofikika, na huduma za afya ya uzazi zimetajwa humo kwa jina lake. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, yaingia ndani zaidi: wanaume na wanawake waliofikia umri wa kuzaa wana haki ya kuelezwa na kupata huduma za kupanga uzazi zilizo salama, zinazofanya kazi, za bei wanayoiweza na ambazo wao wenyewe wanazikubali. Kifungu cha 9 chataka ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Barua ya mume haimo. Tena kuna Itifaki ya Maputo ya Umoja wa Afrika, ya 2003, ambayo ibara yake ya 14 yampa mwanamke haki ya kuamua kuhusu uzazi wake na kuchagua njia anayoitaka. Kenya iliiridhia 2010, na mkataba ukisharidhiwa huwa ni sehemu ya sheria zetu. Wenye mabinti wa shule msihangaike: kwa walio chini ya miaka 18, Sheria ya Watoto ya 2022 yataka ridhaa ya mzazi au mlezi.

Lakini kilichonitoa usingizini ni Ibara ya 20, kifungu cha 5. Mahakamani, serikali ikijitetea kwamba haina pesa za kutekeleza haki kama hii, ni juu yake kuonyesha kuwa hazipo. Wenye waume mmeelewa. Si wewe unayempekua. Yeye ndiye anayegeuza mifuko nje.

Sasa kwa nini wakili, na si kuandika wenyewe? Tuliandika wenyewe. Aprili Katibu aliandika barua kwa ule mwandiko wake mnaoujua, tukaipeleka wanne tukiwa na sare. Mwezi ukaisha. Tulipofuatilia tukaambiwa barua haikuonekana, na ushahidi wa kuipeleka hatukuwa nao. Wakili wa Mombasa alifanya kazi mbili. Ya kwanza, barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu: mwaka huu wa fedha kaunti imetenga kiasi gani kwa dawa za kupanga uzazi, na kimetoka kiasi gani? Ya pili, ombi rasmi kwa bunge la kaunti, kwa kuwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yamruhusu kila mtu kuliombea bunge hilo jambo lililo chini yake, na zahanati ziko chini ya kaunti. Kila kazi shilingi 30,000.

Hapo ndipo penye kelele. Katiba ya chama, kifungu cha 14, yaturuhusu mimi na Mweka Hazina kutoa hadi shilingi 30,000 kwa dharura bila kikao. Wapo wanaosema nilikata malipo vipande viwili ili kukikwepa kifungu. Nawajibu: kazi zilikuwa mbili, stakabadhi ni mbili, tarehe ni mbili, moja Mei na nyingine Juni. Na kikao niliita! Machi mlikuja 9. Aprili mlikuja 11. Akidi yetu ni 22. Nilitaka kauli yenu nikapata viti. Aliyekuwa na la kusema angelisema siku ile, si kuniandikia ujumbe wa sauti wa dakika saba saa nne usiku.

Mtauliza dharura gani. Januari hii Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mosi shirika lao la USAID likafungwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya dawa hizi imetufikia kwa mikono ya wafadhili. Julai hiyohiyo tukasikia shehena ya dawa za uzazi wa mpango ya dola milioni 9.7, iliyokwisha kulipiwa na nyingi yake ikiwa ya nchi za Afrika, yetu ikiwamo, ilikuwa imekwama ghalani Ubelgiji na Marekani ilisema itachomwa moto. Na huko kwao wenyewe haki hii imeegemea hukumu za Mahakama ya Juu, ya Griswold ya 1965 kwa wenye ndoa na ya 1972 kwa wasio nayo. Mswada wa kuiandika kwenye sheria ulikwama Seneti Juni 2024. Sisi yetu imeshaandikwa. Ningengoja nini?

Kuna wenzetu walioona chama cha akina mama hakifai kuingia mambo ya chumbani, na wawili wamejitoa. Nawaheshimu, nimewarudishia hisa zao. Lakini mamangu alizaa 11 akazika 4, na hakuna siku aliulizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 3.4. Waliopunguza ni nani kama si sisi? Kwa utafiti huohuo, asilimia 57 ya wanawake wenye ndoa wanatumia njia za kisasa. Hesabuni safu mliyoketi.

Wengine wakaeneza kuwa ombi letu lilikuwa la utoaji mimba. Nakala iko kwa Katibu, ina kurasa tano, neno hilo halimo. Vijana wetu walitaka tuliingize nikakataa, maana Ibara ya 26, ile ya haki ya kuishi inayogusa utoaji mimba, ina mambo yake na mabishano yake, na droo niliyoiona ilikuwa ya sindano. Vijana nao wamenikasirikia. Kwa hivyo mwaka huu nimekasirikiwa na pande zote mbili kwa barua moja.

Matokeo. Jibu la taarifa lilikuja baada ya siku 47 badala ya 21, ukurasa mmoja: fungu limo kwenye bajeti, fedha hazijatolewa. Ndiyo yote. Ombi lilipokelewa kwa muhuri, na Septemba kamati ya afya ilituita. Tuliketi kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa nane tukapewa dakika nne. Nilisema mimi, na wale watano tulioandamana watawaambia nilivyosema. Sikusoma karatasi. Niliwauliza tu, ule mfuko mmeshaugeuza? Mheshimiwa mmoja alicheka, mwenyekiti wa kamati akaandika kitu.

Novemba zahanati ilipokea sindano, boksi mbili. Najua wasemao zingekuja hata bila sisi. Inawezekana. Ripoti ya kamati bado hatujaiona. Ila mwenzetu yule wa kadi yenye kalamu nyekundu hakuingoja Novemba. Ana mimba ya miezi sita, yuko hapa leo, na ameniruhusu kulisema hilo bila kumtaja.

Sasa sanda. Mfuko wa maafa Januari ulikuwa na 94,000. Kwa matanga tuliyokwenda, yaliyostahili rambirambi ya chama ni mawili, Agosti na Septemba, kila moja 25,000. Mfukoni zilikuwamo 34,000. Pengo la 16,000 tulilijaza mimi na Mweka Hazina, mimi 10,000 na yeye 6,000. Hakuna aliyezikwa kwa aibu. Pesa yangu siidai, ingawa stakabadhi ninayo na imo kwenye faili kwa atakayetaka kuiona. Nitalikubali moja: familia ya Septemba ililetewa rambirambi siku ya tatu badala ya siku ya mazishi, na binti wa marehemu aliipokea bila kunitazama. Hilo nililistahili.

Mahudhurio na ada

Ada ni shilingi 200 kwa mwezi. Wanachama 64 kwa miezi 12 ni 153,600. Zilizoingia ni 88,400. Mnadaiwa 65,200. Toeni hapo 60,000 za wakili, zabaki 5,200 na mfuko wa maafa haujaguswa hata senti. Mimi ndiye niliyetoa pesa za sanda, sawa. Na nyinyi je? Wapo humu wenye deni la tangu Machi, na vikao vyote vya kunijadili mimi walihudhuria, tena kwa wakati.

Faini ya kuchelewa haijalipwa na yeyote, mimi nikiwamo mara mbili.

Ya mbeleni

Tunatarajia, Mungu akijalia, kufuatilia ripoti ya kamati. Tunatarajia pia kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi wenye kifungu cha 6 na cha 9 vya Sheria ya Afya, tuubandike mlangoni mwa zahanati, muuguzi akikubali. Kuna wazo la kwenda mahakamani. Ibara ya 22 yakiruhusu chama kushtaki kwa niaba ya wanachama wake, lakini wakili ametaja bei na nimeona nisiisome mbele ya watu waliofunga safari. Mfuko wa maafa utarudishwa taratibu kadiri ada zitakavyoingia. Mradi wa viti vya kukodisha bado upo kwenye mawazo.

Nawashukuru Katibu kwa mwandiko na uvumilivu, Mweka Hazina kwa 6,000 zake, na mume wangu aliyenisomea zile kurasa tano mara mbili miwani yangu ilipovunjika.

Orodha ya wanaodaiwa imebandikwa karibu na mlango wa jikoni. Nilitaka iwe mlango mkubwa, Katibu akanishauri. Fomu za uchaguzi ziko kwake, mwisho wa kurudisha ni Ijumaa. Jina langu limo.

Mwenyekiti