Mwanangu alichora pembe sita, akawekewa kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Binti yangu yuko darasa la tano katika shule moja ya msingi hapa Nyegezi. Mwezi uliopita walipewa kazi ya nyumbani: wachore hatua za ukuaji wa kipepeo, kuanzia yai, kiwavi, pupa hadi kipepeo kamili. Kiwavi wake alikuwa na mistari myeusi, myeupe na ya njano, na mgongoni pembe nyeusi sita: jozi moja mbele, moja katikati, moja nyuma. Daftari lilirudi na alama ya kosa kwa wino mwekundu juu ya zile pembe za katikati. Picha iliyobandikwa ukutani darasani kwao ina pembe nne.

Mtoto alikuwa sahihi. Na picha nayo ni sahihi, ila inamwonyesha kiwavi wa monaki, kipepeo wa Amerika Kaskazini. Huyo ana jozi mbili. Wa kwetu ni ndugu yake, monaki wa Afrika, na kiwavi wake ana jozi tatu. Mwanangu hakubuni, alihesabu.

Alihesabu kwenye kopo la maziwa ya unga. Alikuwa amerudi nyumbani na tawi la mmea unaoota nyuma ya vyoo vya shule, kando ya uzio. Ukiuvunja unatoa utomvu mweupe, na matunda yake yamevimba kama puto dogo la kijani lenye vinywele. Watoto huyaminya yapasuke. Kwenye jani alikuwapo kiwavi mwembamba kama njiti ya kiberiti. Tukamweka kwenye kopo, tukafunika kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, na kila jioni mtoto akawa anampelekea jani bichi la mmea uleule, kwa sababu jani la mchicha alilikataa kabisa. Akanenepa hadi kufikia unene wa kidole cha mtoto. Siku moja akapanda juu kwenye chandarua, akajining'iniza kichwa chini, akajikunja. Kesho yake tulikuta kitu cha kijani kinaning'inia kama hereni, kina vidoa vinavyong'aa kama dhahabu. Mke wangu alidhani mtoto ametundika shanga.

Siku ya tisa ganda likawa jepesi kama karatasi ya nailoni, rangi ya chungwa ya mabawa ikaonekana kwa ndani. Alitoka asubuhi, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa, akakaa akiyanyoosha taratibu. Binti yangu alichelewa namba siku ile, na sikumgombeza.

Mwalimu wake simlaumu. Ana watoto wengi na picha moja. Ninachoomba ni kwamba picha ile isiwe mwisho wa somo, wakati kiumbe mwenyewe yuko hatua chache kutoka dirishani.

Huko kwa wenzetu, ambako picha ilichorwa, watoto hawakuishia ukutani. Kwa miaka mingi mtafiti wa Kanada, Fred Urquhart, alikuwa akitafuta mahali monaki wanakokwenda majira ya baridi. Watu wa kujitolea, walimu na wanafunzi wakiwamo, walibandika vikaratasi vyenye namba kwenye mabawa ya vipepeo na kuwaachia. Januari 1975, wasaidizi wake wa kujitolea, Ken Brugger na Catalina Aguado, wakawakuta kwenye misitu ya milima ya Meksiko, wamefunika miti hata matawi yanainama. Mwaka uliofuata Urquhart alifika mwenyewe. Kati ya vipepeo waliomwagika chini tawi lilipokatika, mmoja alikuwa na kikaratasi. Kilikuwa kimebandikwa Agosti 1975 na mwalimu na wanafunzi wake wawili wa mji wa Chaska, Minnesota, takriban kilomita 2,800 kutoka hapo. Ni zaidi ya mara mbili ya safari ya basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Ushahidi ule ulitoka mikononi mwa watoto wa shule.

Monaki wa kwetu hana safari ya namna hiyo, lakini ana mengi ya kufundisha. Sumu ya ule utomvu anaikusanya mwilini tangu akiwa kiwavi, na ndege aliyemwonja mara moja hujifunza kumwacha. Ndiyo maana yupo kipepeo mwingine ambaye jike lake limevaa rangi zilezile ili naye aogopwe. Hata monaki wenyewe, hapa Afrika Mashariki, hawafanani: wengine wana ncha nyeusi zenye mabaka meupe, wengine hawana, wengine bawa la nyuma ni jeupe. Somo la urithi wa sifa lipo hapo, bila gharama yoyote. Tahadhari ni moja tu, na walimu naomba waisisitize: utomvu usiguse macho, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya usafi, watoto waliagizwa waje na makwanja, na uzio wote ukafyekwa hadi udongo ukaonekana. Mmea ule ulikwenda pamoja na mayai na viwavi vilivyokuwa juu yake. Binti yangu alikuwa miongoni mwa waliofyeka. Alirudi akaniambia, "Baba, niliwaona, lakini tuliambiwa tusiache kitu."

Naziomba kamati za shule, maofisa elimu wa Jiji na wa Ilemela, pamoja na wadhibiti ubora wetu, waruhusu kila shule iache kona moja isiyofyekwa, hata iwe ya hatua tano kwa tano. Iwekewe mawe pembeni, mawe ambayo Mwanza hatujawahi kupungukiwa, ili mkaguzi ajue kwamba haikusahauliwa. Na mtoto anayeleta mdudu kwenye kopo asiambiwe akamtupe kwanza ndipo aingie darasani.

Kabla ya kufyeka, mwanangu alikuwa ameleta nyumbani tunda moja lililokauka. Mbegu zake, zenye manyoya meupe kama hariri, ziko kwenye bahasha juu ya kabati. Vuli ikianza tutakwenda kwa mwalimu mkuu kuomba tuzipande palepale nyuma ya vyoo.

Mzazi,
Nyegezi, Mwanza