Nyumba za Mji Mkongwe zichunguzwe na kutiwa miega kwanza

Mhariri,

Baada ya salamu, naomba nafasi nizungumzie haraka tuliyonayo ya kutengeneza majumba yetu ya kale kabla hatujajua yanaumwa nini.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu siku hiyo, kila ninapoona jukwaa la mafundi limesimamishwa Mji Mkongwe, huuliza kwanza kama ndani mmetiwa miega, yaani nguzo za muda za kushikilia dari na kuta zisianguke.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa; ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hubaki ndani, chumvi hulila jiwe, na vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani huoza pasi na mtu kuona. Hayo yametufika katika nyumba ya wazee wetu, mtaa wa Malindi hapa Mji Mkongwe. Fundi tuliyempa kazi alipiga saruji kutoka chini hadi madirishani, na ukuta ukapendeza kweli. Miaka michache baadaye tulipobandua lipu chini ya dari, bisibisi ilizama katika kichwa cha boriti hadi mpini, kama kisu katika mkate wa kumimina. Chumba cha juu yake walikuwa wakilala watoto.

Kama tungeanza na uchunguzi, tungeyajua hayo mapema. Nyumba hupimwa chumba kwa chumba, kuta hutiwa timazi kuona kama zimesimama wima, na juu ya kila ufa hubandikwa kipande chembamba cha kioo chenye tarehe: kikivunjika, ufa bado unatembea. Wazee waliokaa humo waulizwe, na hati za wakfu na picha za zamani zitafutwe, kwani huko ndiko hujulikana mlango upi ulizibwa na ukuta upi uliondolewa ili pafunguliwe duka. Kazi hii haiishi kwa wiki mbili. Angalau masika moja ipite, ionekane maji yanaingilia wapi. Katika muda huo dari zitiwe miega, paa lizibwe, mifereji isafishwe, na mitini iliyoota ukutani ikatwe bila ya kung'olewa, maana mizizi yake ikivutwa hutoka na mawe.

Najua ni vigumu kumwonyesha mfadhili miega na vioo wakati anatarajia rangi mpya. Hata hivyo, naiomba Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe isiruhusu matengenezo makubwa bila ya ripoti ya uchunguzi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa mahali ambapo fundi yeyote atakayekuja baadaye ataweza kuisoma kabla hajashika nyundo.

Mkaazi wa Malindi,
Zanzibar