Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayejifunza piano

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniarifu kwamba umeanza masomo ya piano, na kwamba tayari unataka kupiga "Für Elise" ya Beethoven. Sikukatazi, ila nakusihi uiweke kando kwa sasa, kwa kuwa mwanzo wake mwepesi huwavuta wanafunzi wengi, kisha huwakwamisha mbele ya safari. Vipo vipande vifupi vya karne ya 19 vilivyotungwa makusudi kwa vidole vya mwanafunzi, na kila kimoja kina jina na tabia yake.

Anza na Robert Schumann, mtunzi Mjerumani. Mwaka 1848, akiishi Dresden, alitunga vipande vichache kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya binti yake Marie, aliyekuwa akitimiza miaka 7. Kazi ikamnogea, vikafika 43, navyo ndivyo vilivyomo katika "Album für die Jugend", yaani albamu ya vijana. Humo utakuta kipande cha mpanda farasi machachari, ambaye mkono wa kulia humpeleka mbio kwa noti fupi zilizokatwa, katika ngazi ya sauti ya A maina, yenye huzuni kidogo, huku wa kushoto ukimsindikiza kwa mapigo mafupi. Katikati mambo hugeuka: muziki huhamia ngazi ya F meja, iliyochangamka zaidi, na sasa mkono wa kushoto ndio hubeba wimbo. Hapo ndipo utakapojua kama mkono huo umejifunza kweli au ulikuwa ukiburuzwa tu.

Katika albamu hiyo hiyo, kinachofuata mara baada ya wimbo mfupi wa kienyeji ni kipande cha mkulima mwenye furaha arudiye kutoka kazini. Wimbo wake uko chini, kwenye mkono wa kushoto, nao wa kulia unadakia katikati ya mapigo. Wengi hukipiga kwa kelele, kana kwamba mkulima yule anagombana na mtu. Wewe punguza mkono wa kulia mpaka wimbo wa chini usikike kama mtu anayeimba peke yake njiani.

Burgmüller naye, mtunzi Mjerumani aliyehamia Paris, aliacha mazoezi 25 mepesi ambayo walimu huyapenda, na kwa haki. "Arabesque", mojawapo ya hayo, itakunyoosha vidole. Lakini anayenigusa zaidi ni Tchaikovsky, mtunzi Mrusi, ambaye mwaka 1878 alitunga vipande 24 vya watoto na kumtabarukia mpwa wake, mtoto wa dada yake hasa, kama ulivyo wewe kwangu. Kile cha mwanasesere mgonjwa kina noti chache za polepole, na ugumu wake wote uko katika kustahimili kimya kilicho kati ya noti hizo bila kuharakisha. Usikidharau kwa sababu ya uchache wa noti zake.

Kwa wiki hii, chukua sehemu ya katikati ya mpanda farasi, upige mkono wa kushoto pekee, polepole, bila pedali. Ukiridhika nao, nirekodie kwa simu unitumie.

Mjomba wako