Safari ya Gyeongju: mambo ya treni

Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi ndiyo safari yetu ya Gyeongju, naomba kila mmoja asome ujumbe huu mpaka mwisho.

Tunapanda KTX, treni ya mwendo kasi ya Korea Kusini, pale Seoul Station, mwendo wa saa mbili na kitu. Kagueni tiketi vizuri: si kila KTX ya Busan inasimama Gyeongju, na ukipitiliza utajikuta Ulsan. Hakuna geti la kuonyesha tiketi, unashuka moja kwa moja hadi jukwaani. Ila kaa kwenye behewa na kiti ulichoandikiwa, maana kondakta anaona kwenye kifaa chake viti vilivyouzwa.

Hili la kituo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kituo cha zamani, kile cha katikati ya mji, kilifungwa mwaka 2021. Sasa tunashukia kituo kilichokuwa kikiitwa Singyeongju, nje kabisa ya mji, kwa hiyo msifuate ramani za zamani. Tukishuka tutapanda basi hadi Daereungwon, kwenye makaburi ya wafalme wa Silla, ufalme wa kale wa Korea. Kadi ya nauli ya T-money inatumika; gusa kadi unapopanda na unaposhuka.

Jioni za wikendi treni hujaa, basi nunueni tiketi ya kurudi leo leo, pamoja na ya kwenda. Mjini tutaondoka saa nzima kabla ya treni ya kurudi, maana foleni ikishika, treni haimsubiri mtu. Wenye watoto wadogo niandikieni pembeni, tutafute viti vya pamoja.