Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Iten

Mwanangu mpendwa,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kila jioni nikitaka kulisema jambo hili ana kwa ana, ama sebule huwa imejaa wageni waliokuja kukuaga, ama mimi mwenyewe nakosa mahali pa kuanzia. Jumatatu utapita chini ya lile lango linalowatangazia wageni kwamba Iten ni nyumbani kwa mabingwa, nami sikatai kwamba ndivyo ilivyo. Ninachokuomba ni kwamba kadi yako ya benki, kitambulisho chako na nambari yako ya siri ya M-Pesa vikae mikononi mwako, asivishike mtu mwingine yeyote, hata akikuambia kuwa yeye ndiye kocha wako na kwamba mkimbiaji hapaswi kusumbuliwa na mambo ya pesa.

Habari za mkimbiaji Agnes Tirop sina haja ya kukusimulia, kwani picha yake uliibandika ukutani kwa mkono wako. Nakukumbusha tarehe tu. Septemba 2021 alikimbia kilomita 10 kule Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao. Tarehe 13 Oktoba akakutwa amechomwa kisu na kufa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, naye akakana. Aprili 2022 mkimbiaji mwingine, Damaris Mutua, akauawa katika mji huo huo. Rebecca Cheptegei wa Uganda alinunua shamba Trans Nzoia ili awe karibu na mahali pa mazoezi, akakimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024, na tarehe 5 Septemba akafa kwa majeraha ya moto baada ya kumwagiwa petroli na mwanamume waliyekuwa wakigombana naye juu ya shamba hilo.

Kinachoninyima usingizi, hata hivyo, ni sisi tunaotazama. Katika miji midogo kama hiyo, na hata katika kituo chetu hiki, kila mwenye duka anajua ni binti gani alipita jana alfajiri kwenye barabara ya vumbi na alikuwa nyuma ya nani. Lakini binti huyo huyo akipita na jicho lililovimba hakuna anayeuliza, kwa sababu anayempiga ndiye anayempeleka mazoezini, na mbio za Ulaya zimekaribia, na kuna karo za watoto wa watu na paa la kanisa vinavyosubiri ashinde. Wewe mwenyewe ulimwona mwenye hoteli yetu aliyekuwa amebandika picha ya Ruth Chepngetich alipovunja rekodi ya dunia ya marathoni Chicago Oktoba 2024. Mwaka uliofuata alipofungiwa miaka mitatu kwa sababu ya dawa, picha ilishushwa kabla chai ya asubuhi haijaisha, ikabandikwa ya mwingine. Kwa hiyo kidonge au sindano ya mtu usipokee, lakini hilo halinitishi kama lile la kadi.

Mtu huyo hatakuja akiwa na sura ya kutisha. Atakuletea viatu siku vyako vitakapotoboka, atakimbia mbele yako akikuongoza kwa kasi unayoitaka, atakulipia kodi ya chumba miezi miwili, kisha ataomba kadi ili akusaidie kufuatilia pesa za zawadi, na mwisho atasema kiwanja kiandikwe jina lake kwa muda tu, kwa sababu wewe uko safarini. Ukija kushtuka, unamwomba nauli kutoka kwenye pesa zako mwenyewe.

Nawe, mwanangu, kukataa hujui. Mwezi wa nne ulikimbia na homa kwa sababu tu chifu alikuwa amekuja kutazama. Nilikukaripia usiku, ingawa asubuhi yake ni mimi niliyekuamsha.

Najua utajiuliza kwa nini sikuwa na maneno haya yote baada ya zile mbio za Eldoret. Mabati ya jikoni unayajua yalikotoka. Wazee wa kanisa niliwaambia ni pesa za pensheni yangu, nawe ulikuwa umekaa hapo hapo, ukanyamaza. Mvua ikinyesha usiku huwa nayasikia. Nyuma ya daftari langu la zamani la maandalio ya masomo nimeandika muda wa kila mbio uliyokimbia tangu darasa la sita, hata zile ulizoshindwa, na hakuna mtu katika kata hii anayeweza kunibishia hata sekunde moja. Lakini juzi shuleni waliponiuliza tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wako, ilibidi nimpigie mama yenu simu.

Wanariadha wenzake Tirop walianzisha shirika, Tirop's Angels, la kuwasaidia wasichana wanaoteswa. Watafute wiki ya kwanza, kabla hujawa na shida yoyote.

Karo ya mdogo wako nitailipa bonasi ya chai itakapotoka, kwa hiyo usitume kitu. Ng'ombe mweusi atazaa karibuni na maziwa yatatosha. Na ikitokea siku nikakupigia simu nikisema mambo nyumbani ni magumu, nikaomba ile nambari ya siri ili nisikusumbue kila mara, usinipe hata mimi.

Mama yako amekufungia blanketi lile zito, kwa sababu baridi ya Iten si ya kuchezea, pamoja na kibuyu cha maziwa ya mursik. Kibuyu ukishike magotini ndani ya matatu, usikubali kikafungwe juu na mizigo, maana kifuniko chake kimelegea.

Ni mimi, baba yako.