Buti halipimwi kwa lita pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala zenu za kutathmini magari ya saluni ya ukubwa wa kati. Huwa nazisoma kwa hamu, lakini tangu nianze kutafuta gari la bei nafuu litakalotutosha mimi, mke wangu na watoto watatu, nimebaini kwamba mengi ninayohitaji kuyajua hayamo.

Mwandishi hutaja nguvu farasi na sekunde za kufikia kilomita 100 kwa saa, kisha akaishia hapo, ilhali gari amelijaribu akiwa peke yake. Toyota Camry ya mwaka 2018 iliyouzwa Marekani ikiwa na injini ya lita 2.5 ilikuwa na nguvu farasi 203, na Honda Accord ya mwaka huohuo, yenye injini ya lita 1.5 na tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ilikuwa na 192. Kwa tarakimu hizo Camry imeshinda. Hata hivyo, torki ya Accord, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ambayo ni nyutoni-mita 260, hupatikana yote kuanzia mizunguko 1,600 ya injini kwa dakika, wakati ile ya Camry, nyutoni-mita 250, hufikia kilele kwenye mizunguko 5,000. Kwa dereva anayepanda mlima na watu watano ndani, hapo ndipo hujulikana kama injini itavuta kwa utulivu au italazimika kunguruma. Ni kweli pia kwamba tabo haivumilii oili iliyopitiliza muda wake, jambo ambalo mnunuzi wa gari lililokwishatumika hana budi kuliulizia.

Kilichonichosha zaidi ni buti. Gari moja nililokwenda kulikagua lilielezwa kuwa na buti la zaidi ya lita 450, nami nikapakia mabegi mawili makubwa na kigari cha mtoto, vikaenea vizuri, lakini kifuniko kikagoma kufunga. Nilipoinama kuchungulia, niliona vyuma vya bawaba, vilivyopinda kama shingo ya bata, vikishuka ndani na kulikandamiza begi la juu. Yapo magari ambayo bawaba zake hukunjika pembeni bila kugusa mizigo, ila sijapata kusoma tathmini iliyoligusia jambo hilo. Chini ya zulia la buti hilo hapakuwa na tairi la akiba, bali pampu ndogo na chupa ya gundi, ambayo haisaidii kitu tairi likichanika ubavuni.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaomba mwandishi wako atakapopewa gari jingine la kujaribu, apakie abiria wanne na mabegi yao, kisha amwachie mwenzake usukani, na yeye akae katikati ya kiti cha nyuma, miguu ikiwa huku na huku ya lile tuta la sakafuni, kwa kilomita 50 tu.

Msomaji wako,
Baba wa watoto watatu